Vidole Vinne vya Kigong'ota

"Nilinunua friza, sikununua mochwari," anasema mwanamke aliyesimama ukumbini, mkono mmoja juu ya mfuniko wa friza yake nyeupe, mwingine kiunoni.

Ni saa mbili na nusu asubuhi, na hayo si maneno ya kwanza. Ugomvi ulianza chai haijachemka. Wapangaji wa nyumba hii ya vyumba sita wamekwisha kutoka, kila mmoja na kisingizio chake: huyu anafagia palipokwisha kufagiwa, yule anatafuta kiatu alichokivaa mguuni. Hakuna anayetaka kusimuliwa jambo ambalo angeweza kulishuhudia mwenyewe.

Anayesemwa ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mmoja, brashi mbili zimechomekwa kwenye nywele, rangi ya kahawia imekaukia kwenye kidole gumba. Mtaa mzima unamwita Fundi Manyoya. Kazi yake ni kuchora ndege na wanyama wa porini kwa ajili ya vitabu. Si picha za kupamba sebule. Ni zile ambazo msomaji, kitabu kikiwa mkononi na ndege akiwa tawini, anaweza kunyoosha kidole na kusema bila kubahatisha: ni huyu hapa.

Anayesema ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza barafu za vifuko, Mama Barafu. Kwa miaka mitatu sasa, pembe moja ya friza yake, chini kulia, imekuwa na wapangaji wasio na pumzi, ndege waliokufa: mbayuwayu, chozi, mdiria, na safari moja popo. Sharti lilikuwa moja tu. Wakae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, na mfuniko usifunguke mbele ya mteja. Asubuhi ya leo mfuniko umepasuka kwa baridi, na mteja aliyekuja kuchukua barafu hamsini za watoto wa shule ameona mguu.

"Mguu, jamani. Umekunja ngumi," Mama Barafu anawaeleza wapangaji, kana kwamba wao ndio baraza. "Mteja akaniuliza, hii ni ladha gani?"

Watu wanacheka nyuma ya viganja. Fundi Manyoya hacheki. Anauliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini: ndege yuko wapi.

"Nimemtupa."

"Umemtupa wapi, dada?"

"Kitu cha kutupwa kinatupwa wapi? Kwenye pipa."

Fundi Manyoya anatoka mbio, kandambili moja mguuni, nyingine imebaki mlangoni. Anarudi polepole. Pipa ni jeupe kwa utupu. Mkokoteni wa taka umepita saa mbili kamili, kama unavyopita kila Alhamisi, na Alhamisi ya leo haukuchelewa hata kidogo.

Hapo ndipo ukumbi unapoanza kuelewa kwamba huu si ugomvi wa friza.

Jambo lenyewe ni hili. Saa nane mchana wa leo atafika mtaalamu wa ndege anayesimamia kitabu kikubwa cha kuwatambulia ndege. Kitabu kina kurasa arobaini na nane za picha, zote za Fundi Manyoya. Arobaini na saba zimekwisha kupita. Ukurasa wa mwisho umebandikwa kwenye ubao chumbani kwake: kigong'ota, ndege anayetoboa miti kwa mdomo, kichwa chekundu, mgongo wenye mistari kama mkeka, jicho linalokutazama mpaka unataka kumsalimia. Amekamilika, isipokuwa miguu. Hana. Ananing'inia kwenye gome la mti kama mtu aliyetoka nyumbani haraka akasahau suruali.

Ukurasa huu ukipita, Fundi Manyoya anapewa kitabu cha pili, cha wanyama wa miguu minne, kazi ya miaka mitatu. Ndani yake imo miezi sita ya kukaa hifadhini, na hema, na darubini, kuchora wanyama wakiwa hai. Usipopita, kiwanda cha uchapaji hakisubiri. Wachapishaji wana mchoraji mwingine anayetumia kompyuta, naye amekwisha kupiga simu mara mbili kuuliza nafasi.

"Nimemchora twiga tangu darasa la pili," anasema Fundi Manyoya, amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake. "Nilimtoa kwenye jalada la daftari. Mpaka leo sijawahi kumwona akipumua."

Mama Barafu anasikia hayo akiwa ameegemea friza. Anafunga mtandio kichwani, anaufungua, anaufunga tena. Kisha anatoka bila kuaga, na mfagiaji wa ukumbi anahakikisha kwa macho kwamba ameshika njia ya kwenye jaa.

*

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima akose raha kwa ajili ya mguu wa ndege, inabidi kurudi chini ya meza ya sokoni, miaka thelathini na kitu iliyopita.

Mama yake Fundi Manyoya alikuwa muuza kuku. Alichinja, akachovya kwenye beseni la maji ya moto, akanyonyoa, akafunga kwenye karatasi, siku sita kwa wiki. Leo ana miaka sabini na tatu. Anaishi na binti yake na asubuhi hii anachambua maharage kwenye ungo, akisikiliza yote na kujifanya hasikii.

"Nilimpa manyoya achezee ili aniache nifanye kazi," anasema bibi huyo. "Yeye akayapanga chini kwa ukubwa, moja baada ya jingine, mpaka yakawa bawa. Mimi huku nimemvunja kuku, mwanangu kule anamjenga upya."

Kutoka kwenye kupanga akaingia kwenye kuchora. Mkaa ulikuwepo, na karatasi za mifuko ya saruji za kufungia kuku zilikuwepo. Mtoto akachora kuku juu ya karatasi ya kufungia kuku. Bibi anakumbuka mteja mmoja, mke wa fundi saa, aliyekuwa akichagua karatasi kwanza ndipo achague kitoweo.

Shuleni hakuwa mtu wa kupewa zawadi, ila hakuna mwalimu wa sayansi aliyetaka kumpoteza. Chura aliyepasuliwa, panzi, moyo wenye vyumba vinne, vyote vilipanda ubaoni kwa mkono wake, na wenzake wakanakili. Anasema alimaliza shule akiwa anajua utumbo wa chura kuliko jedwali la kuzidisha.

Baada ya shule alichora mabango. Saluni zilimpenda kwa sababu alichora nywele unyele kwa unyele. Bucha halikumpenda. Mwenye bucha alimpa kazi ya kuchora ng'ombe ukutani, mishale ikionyesha paja, ubavu na shingo. Alimchora ng'ombe mzuri kupita kiasi, na kosa likawa kwenye macho.

"Mteja anaingia, anamtazama ng'ombe, ng'ombe naye anamtazama," anasimulia. "Mteja anatoka, anakwenda kununua dagaa. Wiki ya pili mwenye bucha akaniita nimfumbe macho."

Alimfumba. Anasema ndiyo kazi pekee aliyowahi kuiharibu kwa makusudi, na mpaka leo akipita pale hageuzi shingo.

Kisha ikaja kazi iliyobadilisha mambo. Mchapishaji mdogo wa vifaa vya shule alitaka chati ya ukutani yenye ndege ishirini. Alilipwa sawa na mabango mawili ya saluni, na ndege wote aliwachora kwa wiki tatu, kutoka kwenye picha za magazeti na kumbukumbu. Manyoya hayakumpa shida. Mdomo haukumpa shida. Miguu, katika magazeti, ilikuwa imefichwa na majani, kwa hiyo akaiweka ile aliyoijua. Akawapa wote miguu ya kuku.

"Mimi nimekulia kwenye miguu ya kuku," anasema, na sasa anacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nilidhani Mungu alitengeneza mguu mmoja, akaona umemtosha, akawagawia wote."

Kuku ana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Wengi wa ndege wale ishirini wako hivyohivyo, ikapita. Kigong'ota hayuko hivyo. Yeye hupanda shina la mti wima, na ili asianguke ana vidole viwili mbele na viwili nyuma. Chati ilitundikwa katika shule nyingi, kigong'ota akiwa na mguu wa kuku, na hakuna aliyeona. Mtu mmoja aliona.

Mtu huyo alibisha hodi miaka minne iliyopita, mzee mrefu mwenye viatu vya kupandia milima na begi la ngozi, akasema anamtafuta mtu aliyempa kigong'ota miguu ya kuku. Bibi ndiye aliyefungua mlango. Kwa uso ule na begi lile, aliona polisi.

"Nikamwambia amehama," anasema bibi.

Mzee akasikitika, akasema basi wakimwona wamwambie kwamba katika miaka yake thelathini ya kazi hajawahi kuona mtu anayechora manyoya namna ile.

"Nikamwambia amerudi."

Huyo ndiye mtaalamu, na wapangaji wanamwita Daktari wa Ndege. Safari yake ya pili, mpangaji wa chumba cha nne alimletea kuku mwenye mafua. Daktari alimpokea kuku kwa heshima zote, akamgeuza, akasema anawajua mababu wa kuku huyu mpaka kizazi cha mamilioni ya miaka, lakini dawa hana.

Alichokuwa nacho ni masomo. Alimfundisha Fundi Manyoya kupima bawa kwa bikari, kuhesabu manyoya ya mkia, kutafuta mahali rangi ya shingo inapoishia na ya kifua inapoanzia. Akampa barua ya kibali ya kuchukua ndege waliokufa wenyewe. Na akampa sheria moja ambayo Fundi ameibandika juu ya kitanda: usichore unachokijua, chora unachokiona.

Ndege wa kuonwa hupatikana kwa njia za ajabu. Kuna jengo la vioo mjini ambalo ndege hulidhania mbingu, wakajipigiza. Mlinzi wa pale ndiye mgavi wake mkubwa. Humpigia simu kwa sauti ya msiba: "Fundi, mgonjwa wako amefika huku, lakini hatukuwahi." Madereva wanamletea, wafagiaji wanamletea, na paka mmoja wa mtaa wa pili ametoa mchango wa kurasa mbili bila kutajwa popote.

Kwa hesabu yake, bango la saluni lilimlisha siku tatu. Ukurasa mmoja wa kitabu unamlisha wiki mbili, na yeye unamla wiki tatu. Ndiyo maana bado anachora mabango Jumamosi, na ndiyo maana hana friza.

Mama Barafu alimpa pembe ile kwa ridhaa yake, tena bila kuombwa mara mbili. Lakini alikuwa na mpaka wake, na nyumba nzima inaujua. Sahani ya chakula atampelekea mpaka mlangoni, na sahani zake huwa zimejaa. Ndani ya chumba chake, hapana. Mikono iliyoshika popo haitavuka kizingiti chake. Kwa miaka mitatu Fundi Manyoya amekula chakula cha jirani yake akiwa amekaa nje ya mlango wa jirani yake, wakipiga soga, mmoja ndani na mwingine nje, pazia katikati.

*

Saa nne na robo Mama Barafu anarudi. Mtandio uko mkononi, kandambili imekatika ukanda na kuburutwa, na jasho limemchora ramani mgongoni. Chini ya kwapa ana kopo lenye mfuniko mwekundu uliopasuka.

Ilivyokuwa, ukumbi unaipata kwa vipande huku akinywa maji. Mkokoteni ulikuwa umefika jaani. Mzoa taka ana desturi ya kutenga makopo mazuri ya plastiki kabla ya kumwaga, kwa kuwa yana wanunuzi wake. Kopo lile aliliona zuri, mfuniko akaudharau, akaliweka pembeni. Alipoambiwa kuna ndege ndani anatakiwa haraka, alitaka kujua ni ndege gani aliyekufa ambaye bado ana mwenyewe. Mama Barafu hakuwa na muda wa kumsomesha. Walielewana kwa barafu za bure mpaka Jumapili.

"Nimekimbia na maiti ya ndege katikati ya barabara," anasema, akimkabidhi Fundi Manyoya kopo bila kumtazama usoni. "Wateja wangu wote wameniona. Sasa mchore, maana nikisikia umemchora vibaya mimi nahama."

Ndege ameyeyuka. Kwa mtu asiyejua kazi hii, hiyo ni hasara. Kwa Fundi Manyoya ndiyo saa aliyokuwa akiisubiri. Rangi na vipimo vya mwili alikwisha kuvichukua wiki iliyopita, ndege akiwa mgumu kama jiwe. Miguu huwa anaiacha mwisho, kwa kuwa ndege wa barafu hukunja ngumi, na vidole vinakubali kufunguka mara moja tu, akishalegea, kwa saa chache kabla hajaanza kunuka. Mchana wa joto kama huu, kupata muda wa saa nne ni bahati.

Kuna tatizo moja. Mguu wa kigong'ota hauwezi kuchorwa umelala mezani. Lazima ndege ashikwe wima kwenye gome la mti, vidole viling'ang'anie kama alivyong'ang'ania enzi za uhai wake. Siku zote mama yake ndiye aliyemshikia. Mwaka huu mikono ya bibi imeanza kutetemeka, na bibi mwenyewe anaiinua juu ya ungo ili watu waione.

Wapangaji wanatazamana. Mfagiaji anakumbuka kuna chumba hakijafagiwa.

"Mimi nishike kile?" anasema Mama Barafu, ingawa hakuna aliyemwambia.

Anaingia kwake. Anatoka na vifuko viwili vya barafu, vitupu, amevivaa mikononi na kuvifunga kwa raba kwenye vifundo vya mikono. Anakaa kwenye kigoda chumbani kwa Fundi Manyoya, anageuza uso upande wa dirisha, na kunyoosha mikono mbele kama mtu anayesubiri sindano. Fundi Manyoya anamweka ndege kwenye kipande cha gome, anavipanga vidole kimoja kimoja, anamwonyesha jirani yake pa kubana.

Chumba chenyewe ni hatua nne kwa tano. Kitanda kimoja cha mama na binti, meza ya mbao iliyoinamishwa kwa matofali mawili, glasi tatu za maji, ya kwanza chafu, ya pili nusu chafu, ya tatu haiguswi ila kwa rangi nyeupe. Ukutani wamejaa ndege waliokataliwa: huyu mdomo umezidi kwa unyele mmoja, huyu jicho limepanda. Wapangaji wanakaa mlangoni kwa zamu, wanapashana habari za mtaa kwa minong'ono, na mtu akicheka kwa nguvu Fundi Manyoya anainua brashi bila kugeuka, na kimya kinarudi.

Kwa nusu saa ya kwanza Mama Barafu anatazama dirisha. Kisha shingo inamchoka. Anageuka, na kwa kuwa hana pengine pa kuangalia, anaangalia alichokishika. Anauliza kama magamba haya ya mguuni yote yatachorwa. Yatachorwa. Anauliza kucha mbona kali hivi. Ndizo ngazi zake. Anauliza huyu alikuwa jike au dume, na akiambiwa jike anamshika kwa upole zaidi, kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Saa sita na nusu, miguu yote miwili iko kwenye karatasi kwa penseli, na brashi imeanza kuingia. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Fundi Manyoya anajiegemeza nyuma, anapumua, na anauliza hadhira yake ya mlangoni wanaonaje. Mlangoni wote wanasema ni huyohuyo. Bibi anasema ni huyohuyo.

Mama Barafu anatazama karatasi, anatazama mikono yake, anatazama karatasi tena.

"Mdogo wangu, hapa nyuma umevifanya mapacha," anasema. "Huyu wangu si mapacha. Kimoja kirefu, kimoja kama cha mtoto. Kile kirefu ndicho kinachonichoma tangu saa tano."

Fundi Manyoya anainuka. Anakiona. Kidole cha nyuma cha nje ni kirefu kuliko vyote, kile cha ndani ni kifupi mno, na yeye amevipaka sawasawa. Baadaye ataeleza kwamba alikuwa na furaha ya kupata viwili nyuma kiasi kwamba akili ilijaza yaliyobaki: alichora alichokijua. Sasa hivi hana muda wa maelezo. Rangi bado ni mbichi. Ananyonya maji kwa kitambaa, anakwangua kwa wembe, mkono mwepesi kama pumzi, anasubiri karatasi ikauke, anapima kwa bikari, anaanza upya. Mlango mzima umeacha kunong'ona. Mama Barafu hatikisiki, na mikono ndani ya vifuko imelowa jasho mpaka vidole vimekunjamana.

Saa nane kasoro dakika tano, kigong'ota amesimama kwa miguu yake.

*

Daktari wa Ndege huja na kawaida zake. Havui begi. Anasalimia wote, kwa umri, akianza na bibi. Kisha anatoa kioo cha kukuzia, anakifuta kwa shati, na kumsogelea ndege kama anayetaka kusikia siri.

Anaanzia kichwani. Anashuka shingoni, mgongoni, anahesabu mistari ya bawa kwa kutikisa kidole. Mkiani anakaa sana. Miguuni anakaa zaidi. Fundi Manyoya ameziondoa brashi kwenye nywele na kuzishika zote mbili kwa mikono yote miwili. Mlangoni hakuna nafasi ya kupitisha hata sindano. Mama Barafu hayupo pale. Ameonekana akienda jikoni, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye ana mambo yake ya kupika na haya ya ndege hayamhusu.

Daktari ananyanyuka, mgongo ukimlia.

"Miaka minne nimekuwa na hofu na ukurasa huu," anasema. "Cha nyuma cha ndani, kile kifupi. Wachoraji wakubwa wanakisahau. Nani alikushikia?"

Mlango wote unageuka kuelekea jikoni.

Ukurasa umepita. Daktari anauvika karatasi nyororo, anaulaza kwenye begi kama mtoto mchanga, na kutoka mfuko wa pembeni anachomoa makaratasi ya kitabu cha pili. Safari ya hifadhini ni mwezi ujao, mvua zikikatika. Bibi anauliza kama kuna mahali pa mtu wa tatu kwenye hilo hema, maana na yeye twiga hajamwona. Daktari, ambaye hajawahi kuonekana akicheka katika nyumba hii, anasema hema ni kubwa.

Fundi Manyoya anatia saini. Mkono ulioweka magamba themanini bila kukosea unaharibu saini ya kwanza, na inabidi arudie. Anasema ataanza na twiga. Kabla ya kuchora chochote atakaa siku nzima amtazame tu, anavyotafuna, anavyoinama kunywa maji, mguu upi anatanguliza. Ametoka kwenye kuku mpaka hapa, anasema, na safari hii hataki kumpa mtu mguu usio wake.

Daktari anasindikizwa mpaka barabarani na nyumba karibu yote, na mpangaji wa chumba cha nne anatumia nafasi hiyo kumweleza maendeleo ya kuku.

Ukumbini anabaki Fundi Manyoya, na kopo tupu lenye mfuniko uliopasuka. Ndege amekwisha kumzika nyuma ya nyumba, kama anavyowazika wote. Harufu ya wali na mchuzi imejaa mpaka kwenye nguo. Anajisogeza kwenye mlango wa jirani yake, anainama kukaa pale pake pa siku zote, nje ya pazia.

Pazia linafunguliwa lote. Mama Barafu amesimama na mwiko mkononi. Nyuma yake, kwenye mkeka, bibi amekwisha kukaa na sahani iko mapajani.

"Nimesikia mnakwenda kwa wanyama wakubwa," anasema Mama Barafu. "Huyo twiga akifa, utamweka friza ya nani?"

"Wa safari hii ni wazima, dada."

"Afadhali." Anampisha mlangoni. "Sabuni iko pale. Osha mara mbili, na chini ya kucha. Halafu ingia ndani, ule kabla hakijapoa."